Wifi, Nililenga Juu Kwenye Maji Yaliyosimama

Ifakara, Alhamisi mchana

Wifi yangu Leokadia,

Nimezoea kuandika barua zako, sijazoea kukuandikia wewe. Ulikuwa unakaa hapa hapa, juu ya kinu kilichopinduliwa, unachambua mchele huku mimi naandika kwa Kasiani wako kule kwenye mkonge Kilosa, na kila barua uliianza vilevile: "Mwambie hatujambo." Hata mwaka ule wa njaa. Nikikutazama unasema, "Andika hivyo hivyo. Usimtie mtu wasiwasi wakati hana njia ya kuja." Basi leo nimeandika "hatujambo" mara mbili, na mara mbili nimefuta. Wewe huna njia ya kuja, najua. Lakini sikuweza. Wifi, naogopa.

Nianze na unalotaka kulisikia. Mwanao ni mzima. Ana miezi mitatu, na tumemwita Oliva kama ulivyosema siku ya pili baada ya kujifungua, kabla homa haijakupanda. Ana masikio yako, yale yaliyosimama kama vishikio vya chungu. Ananyonya ziwa la kushoto, Fokasi wangu ananyonya la kulia, na Fokasi keshajua wivu, anamsukuma mwenzake kwa kisigino. Wakimaliza wao, naona kama mgongo wangu umeshikana na tumbo. Ninalala nimekaa. Juzi nimetia chumvi kwenye uji mara tatu, kaka yako Damasi akaunywa wote kimya, ndipo nikajua kwamba hata yeye ananihurumia.

Sasa nikueleze kinachoninyima usingizi hata watoto wakilala.

Jumapili hii tunamaliza matanga yako, na baada ya chakula wazee watakaa kuamua Oliva atalelewa wapi. Mama mkwe wako, Bi Atanasia wa Kiberege, anamtaka. Alilisema siku ile ile tulipotoka makaburini, watu hawajanawa hata mikono: "Mjukuu wangu halelewi na mguu mmoja," akiusema huu mguu wangu mbovu. Akaingia chumbani kwako, akachukua mbeleko yako, ile kanga nyekundu iliyoungua pembeni, akaikunja na kuitia kikapuni. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Aliyeshika mbeleko ndiye mwenye mtoto.

Kasiani ameandika kwamba atakubali vyovyote mama yake atakavyoona. Na Kiberege yuko mke wa shemeji yako, ananyonyesha, ana maziwa, ana miguu miwili mizima. Nikisema nimekwishamzoea mtoto, watasema hata mbuzi huzoeleka.

Bi Atanasia si mtu mbaya, wifi. Ulikuwa unanieleza mwenyewe: amezaliwa huku Lumemo, na mdogo wake wa kumfuata alichukuliwa na mto wakiwa wanavuka kwenda kulinda ndege shambani. Anasema hivi: masika ikianza, nyinyi mnahamia ng'ambo kwenye mpunga mpaka mavuno. Mtumbwi ukipinduka, huyu mwenye fimbo ataokoa nani? Yeye mwenyewe? Mwanawe? Au wetu?

Na jibu ninalo. Tunalijua watu wawili, mimi na wewe, na wewe uko mchangani.

Masika iliyopita mama yako alitukataza kuvuka, mto umejaa. Tukavuka. Ulisema nguruwe wanaokula mpunga wetu hawasubiri maji yapungue, na mimi nikakufuata kwa sababu siku zote nilikufuata. Wewe na tumbo lako la miezi sita, mimi na Fokasi mgongoni. Gogo likatupiga ubavuni na mtumbwi ukageuka. Nakumbuka baridi, halafu nakumbuka sauti yako. Umening'inia kwenye mtumbwi, maji yanakushusha, lakini badala ya kupiga yowe unanigombeza: "Lenga mkuyu! Usilenge kambi! Lenga mkuyu!" Mkuyu ulikuwa juu kabisa, mto unakotokea, mbali na kambi yetu. Nikalenga mkuyu, kidevu juu, Fokasi ananililia sikioni, na mto ukanishusha, ukanishusha, nikatua mbele ya kambi yetu kama mtu aliyeshushwa na lori mlangoni kwake. Wewe ukatua chini zaidi, ukaja unachechemea na kucheka. Ukasema, "Leo tuko sawa, wote tunachechemea." Halafu ukanishika mkono: "Mama asijue. Damasi asijue. Wakijua hatutavuka tena."

Tukanyamaza. Sasa nikisema leo, nani ataniamini? Watasema mwenye kilema amejitungia.

Ngoja, Oliva ameamka.

Nimerudi. Ninakuandikia haraka maana nataka ujue habari ya keshokutwa.

Unakumbuka Sista wa mazoezi pale hospitali, yule aliyekuwa ananivuta mguu na kunihesabia moja, mbili? Hospitali za misheni zinakusanya wagonjwa wao wenye viungo vibovu kucheza michezo, nchi nne: Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasa. Mwaka huu zamu imeangukia hapa kwetu. Wageni wameshaanza kufika, kwa treni mpaka Kilosa, kisha malori, vumbi hadi kwenye nyusi. Kuna kutupa mpira, kuna kulenga shabaha wakiwa wamekaa. Na kuna kuogelea kwa wanawake, kasi, kutoka kamba hadi kamba, hatua hamsini. Sista akauliza kati yetu nani anajua maji. Nikanyoosha mkono kabla sijafikiri.

Baadaye nikafikiri. Nikaona, bonde zima litakuja kutazama, na Bi Atanasia atakuja. Kama sina shahidi, basi nitaogelea mbele ya macho yake. Aone mwenyewe kama mguu mmoja unazama.

Tunaogelea kwenye lile bwawa ambalo mto uliliacha ulipohama njia, wamelizungushia magogo, mamba asipite. Kamba zimefungwa vibuyu vikavu ili zielee, kila mtu na njia yake. Tumeshonewa suruali za kaniki za kufika magotini na blauzi zake. Mama mkwe wangu alipoiona akashika kichwa: "Tekla, hiyo utavaa mbele ya baba paroko?" Nikamwambia, "Mama, baba paroko ndiye aliyenunua kitambaa." Akasema basi atakuja amefumba macho.

Lakini wifi, kuna jambo. Siendi moja kwa moja. Jumanne tulifanya mazoezi, filimbi ikalia, nikaogelea kwa nguvu zangu zote, na nilipoinua uso nilikuwa kwenye njia ya jirani, kibuyu kimenigonga kichwani. Sista anapiga kelele, "Tekla, nyoosha!" Nami nanyoosha, Sista, ndiyo kunyoosha kwenyewe huku! Mwili haujui kwamba maji yamesimama. Ulinifundisha mwenyewe, mwaka nilioolewa huku kutoka Mahenge, nimening'inia kwenye gogo la mgomba natetemeka: "Mto haukupeleki unakotaka, unakushusha. Lenga juu ya unakotaka kutua." Jana nimejaribu tena. Nikiwaza, nanyooka. Nikiharakisha, naanza kupanda juu. Na siku ya mashindano mtu haogelei kwa kuwaza.

Na hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba Bi Atanasia ametuma salamu: "Nitakuja Jumamosi. Wakati anaogelea, mjukuu wangu nitampakata mimi." Ningekataaje? Ni bibi yake. Lakini basi la Kiberege linaondoka saa tisa, na mashindano yetu ni saa nane na nusu. Nitakuwa majini, nimevaa kaniki, na mtoto atakuwa mikononi mwake, na mbeleko anayo.

Damasi anasema nimechanganyikiwa na uchovu. Huenda.

*

Jumamosi jioni

Nimeondolewa, wifi. Nikuambie hilo kwanza. Nimeondolewa mashindanoni.

Tulikuwa sita. Mmoja wa Uganda mwenye mkono mmoja, wawili wa Kenya, mimi na binti mmoja wa Tanganyika mwenzangu kutoka upande wa Songea, na mwanamke wa Nyasa asiye na miguu kuanzia magotini. Huyo walimbeba kumleta kwenye kamba, akawa anawaamrisha wabebaji kwa lugha yao, wakicheka. Alipoingia majini hakuna aliyecheka tena. Alikaa pale kama bata.

Watu walijaa kingo zote. Watu wa Mlabani walikuja wote, nadhani walifunga na maduka. Watani wa ukoo wenu nao wamekuja, wamekaa mbele, na yule mzee mtani wenu mwenye kofia ya majani anapaza sauti: "Wifi wa marehemu! Ukizama usitusumbue, tumeshakula matanga ya mwezi huu!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Hata mimi ningecheka, ningekuwa na pumzi.

Bi Atanasia alikuwa ametandika mkeka chini ya kivuli cha lori. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akajibu "Marahaba," akanyoosha mikono. Nikampa Oliva. Nilikuwa nimemnyonyesha mpaka akalewa, nikijisemea kwamba mtoto aliyeshiba hata akisafirishwa hatalia, kisha nikajichukia kwa kuwaza hivyo. Bi Atanasia akautazama mguu wangu ndani ya ile suruali. Haukuwahi kuonekana na watu wengi kiasi kile. Kikapu kilikuwa pembeni yake, na pindo jekundu linachungulia.

Filimbi ikalia.

Sikumbuki vizuri. Nakumbuka nilianza sawa. Nakumbuka ulivyokuwa ukisema, "Majini hakuna kilema, wifi. Samaki ana miguu mingapi?" Mguu ule ukanifuata nyuma kama mkia, hauniumi, haunielemei. Nikampita yule wa Songea. Halafu nikainua kidevu kutazama mkeka.

Nilikuwa nimejiapia nisitazame. Lakini nilitazama, na Bi Atanasia alikuwa anasimama. Anasimama, mtoto begani, kikapu mkononi.

Basi wifi, kuwaza kukaisha. Nikaogelea kama siku ile. Mikono ikafanya ilichozoea, kichwa juu, bega mbele, na bila kujua nikalenga juu. Nikapita chini ya kamba ya kwanza. Nikapita chini ya ya pili, nikamkata mbele yule dada wa Uganda, akanigombeza kwa Kiganda na haki anayo. Nasikia umati unalia kwa kicheko, na mtani wenu anapiga kelele juu ya wote: "Mwacheni! Mwacheni huyo, amekumbuka kwao, anakwenda Mahenge!" Sista anapuliza filimbi mpaka ikakwama. Mimi nakwenda tu. Sikuufikia mwisho wa kamba. Nilitua kushoto kabisa, kwenye matete, mahali ambapo hapakuwa na mwamuzi wala mtazamaji.

Nikafuta maji usoni, nikatazama kwenye lori. Mkeka mtupu.

Nilipiga kelele? Damasi anasema nilipiga. Fimbo yangu ilikuwa ng'ambo. Nikaanza kupanda ukingo kwa magoti na viganja, matope mpaka mdomoni, na nikaona miguu ya mtu mbele yangu, kanga imekunjwa kiunoni, miguu imezama matopeni hadi kwenye vifundo.

Ni yeye. Amesimama na Oliva begani, palepale nilipotua. Wifi, hakuna njia ya kufika pale kutoka kwenye lori isipokuwa kuzunguka bwawa ukingoni, katikati ya matete. Mama mzee yule alizunguka. Ina maana alianza kutembea mapema, ningali katikati ya maji, wakati kila mtu mwingine anatazama mwisho wa kamba.

Nikamwambia, "Nilidhani umeondoka naye."

Akasema, "Ningeondokaje? Nilikuona unapolenga. Nikaja kukupokea unapotua."

Kisha akatazama kule kwenye kamba, wanampigia vigelegele mwanamke wa Nyasa. Amefika wa kwanza, amenyooka kama uzi. Mtu wa ziwa yule, amezoea maji yasiyokwenda popote. Bi Atanasia akasema, "Wenzako walikuwa wanashindana. Wewe ulikuwa unavuka." "Mtu wa Mahenge hajui kulenga juu. Nani kakufundisha?"

Nikasema jina lako. Ni mara ya kwanza kulitamka mbele yake tangu tukuzike. Na baada ya hapo sikuweza kunyamaza, nikamwambia yote, hapo hapo matopeni, meno yananigongana: nguruwe, gogo, mkuyu, tumbo lako la miezi sita, na Oliva akiwa ndani yake. Nisamehe. Nimetoa siri yetu. Nilidhani atanipiga, maana ni mimi na wewe tuliompeleka mjukuu wake kwenye ule mto kabla hajazaliwa.

Hakunipiga. Alinipa mtoto, akavuta miguu yake kutoka kwenye matope, mmoja, halafu wa pili. Akasema tu, "Kesho kwenye kikao tutasikia." Basi lilikuwa limeshaondoka. Amelala kwa jamaa zake Lumemo.

Yule wa Nyasa aliniita baadaye, akaniketisha karibu naye. Hatukuwa na lugha moja. Akachora mstari mchangani, umepinda kama mundu, akaninyooshea kidole mimi, akacheka mpaka machozi. Mimi nikachora mto. Akauangalia muda mrefu, akatikisa kichwa taratibu, akanishika shavu.

Sasa ni jioni, nimeandika na Fokasi mapajani, ndiyo maana mistari imepanda juu. Sijui kesho itakuwaje. "Tutasikia" ni neno gani hilo? Ni ndiyo? Ni hapana iliyovaa kanga? Damasi anasema nile. Siwezi kula.

*

Jumapili, jua linashuka

Wifi,

Wazee walizungumza tangu misa ilipoisha. Upande wa Kiberege ukasema damu, upande wetu ukasema maziwa. Mzee mmoja akasema mambo ya kilema kwa upole sana, kama mtu anayepuliza kidonda anachokitonesha mwenyewe. Mtani wenu akamkatiza: "Mzee, jana wewe ulikuwepo. Mwenye mguu mmoja alifika Mahenge, wewe mwenye miwili ulishindwa kufika chooni!" Nikainama nisicheke. Nikawa nambembeleza Oliva, naye wala halii.

Bi Atanasia aliwasubiri wanaume wote waishiwe. Halafu akasimama, akaja moja kwa moja kwangu na kikapu chake. Akasema, "Geuka." Nikageuka. Akamchukua Oliva, akamweka mgongoni pangu, akamfunga kwa mbeleko yako. Ile nyekundu. Nilisikia pale palipoungua panakwaruza bega. Alifunga fundo kifuani, akalivuta kwa nguvu mara mbili, akalitazama, akalifungua, akalifunga upya juu zaidi. Akasema, "Hapa chini maji hulilegeza. Lifunge hapa."

Basi. Hakuhutubia. Aliwageukia wazee: mtoto akianza kutembea, kila kiangazi ataletwa Kiberege akae mwezi mzima, amjue bibi yake. Na mimi, masika ikifika, nisivuke mto umejaa tena, hata nguruwe wakila mpunga wote. Nikasema, "Ndiyo, mama." Akaniambia, "Usiseme ndiyo kwa haraka. Leokadia naye alikuwa anasema ndiyo kwa haraka." Hapo ndipo alipolia. Nasi tukalia wote, na matanga yako yakaisha vile, watu wanalia na mtani anagombania kichwa cha mbuzi.

Bado naogopa, wifi, nisikufiche. Masika iko miezi michache mbele. Watoto wawili, mgongo mmoja. Asubuhi nilimbeba Oliva mpaka kivukoni, nikayatazama maji, yamepungua, mtu anavuka kwa miguu, hata hivyo nikarudi nyuma. Lakini nimeshafunga fundo pale aliponionyesha, na limekaa.

Barua hii nitaiweka ndani ya sanduku lako, chini ya barua za Kasiani ulizonisomesha mpaka zikachanika mikunjo. Ukiweza, lala. Zamu ya kukesha ni yangu.

Nami nakuahidi hivi. Oliva atajua maji kabla hajajua kusoma. Nitamshikisha gogo la mgomba kama ulivyonishikisha, nitamwonyesha ule mkuyu, nitamwambia ni nani aliyeuona kwanza. Atafundishwa kulenga juu. Na akishaujua mto, nitampeleka kwa yule Sista, amfundishe na kunyoosha, maana mimi kwa hilo nimeshindwa.

Mwambie yeyote uliye naye huko kwamba hatujambo.

Wifi yako,
Tekla